Jaji Huteuliwaje, na Huhukumu kwa Lipi?

(Mada iliyotolewa kwa waumini wa Mbeya na kurudiwa Iringa, baina ya Magharibi na Isha. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mwadilifu ambaye mbele yake haki ya mja haipotei. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, Ijumaa moja, mara tu baada ya salamu, mzee mmoja wa jamaa yetu alinishika mkono akanionesha gazeti. Rais alikuwa ameteua majaji wapya wa Mahakama Kuu, na majina yao yalikuwa yamepangwa kwa safu. Mzee alikwisha kuyapigia mstari kwa kalamu yale aliyoyadhania kuwa ni ya Waislamu. Akaniuliza swali moja tu: "Ustadhi, hawa wetu wanatosha?" Nilimjibu jibu la mtu anayeharakia viatu vyake mlangoni, na jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Mada ya leo ni jibu langu la pili kwa mzee yule, naye yupo hapa, Allah amhifadhi.

Nianze kwa kusema kwamba kuhesabu majina kunadanganya. Jaji Mkuu wa kwanza aliyekuwa raia wa Tanzania, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1971, aliitwa Augustine Said. Jaji Mkuu wa kuanzia mwaka 2007 hadi 2010 aliitwa Augustino Ramadhani. Mwenye kalamu angempigia mstari kwa furaha, ilhali marehemu yule alikuwa Mkristo wa Kianglikana ambaye baada ya kustaafu alipewa daraja la ukasisi katika kanisa lake. Kisha wakafuatana Mohamed Chande Othman, kuanzia 2010, na Profesa Ibrahim Hamis Juma, ambaye alitoka katika nafasi hiyo mwaka 2025. Hayo ni majina mawili ya kwetu kwa muda wa takriban miaka 14 mfululizo katika kiti cha juu kabisa cha Mahakama. Je, ndugu zangu, katika miaka hiyo mirathi zetu hapa Mbeya zilihukumiwa kwa namna tofauti na zamani? Sisemi haya kwa kuwalaumu wazee hao. Jaji huapa kuilinda Katiba na sheria za nchi, wala hakuapa kuwa wakili wetu. Ninachosema ni kwamba mstari wa kalamu haukutupa tulichokuwa tukikitafuta.

Hata hivyo swali la mzee lina mizizi, na si haki kulicheka. Ili mtu awe jaji wa Mahakama Kuu, Katiba inamtaka awe na shahada ya sheria na sifa maalum za kisheria kwa muda usiopungua miaka 10. Shahada hiyo ilianza kutolewa hapa nchini katika chuo cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria. Na aliyefika huko alipitia shule gani? Katika nyanda zetu hizi, elimu ya kikoloni iliingia kupitia misheni: Wamoravian wakiwa Rungwe tangu 1891, na Wakatoliki wakiwa Tosamaganga, Iringa. Mtoto wa Kiislamu alilazimika kuchagua baina ya kalamu na dini ya baba yake, na wazee wengi walichagua dini. Hatuwalaumu. Lakini jaji huandaliwa kwa miaka 30, na pengo la darasani la mwaka 1950 huonekana katika orodha ya majaji ya mwaka 1990. Aliye na huzuni juu ya orodha ya leo na atazame madaftari ya binti yake na mwanawe usiku huu.

Wapo watakaosema: sisi na Mahakama Kuu wapi na wapi? Sisi twataka kadhi. Naam. Katika zama za Waingereza walikuwapo maliwali na makadhi, hasa sehemu za pwani, na mfumo ule ukafutwa Tanzania Bara kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Zanzibar walibaki na makadhi wao hadi leo. Huku Bara, ilani ya chama tawala ya mwaka 2005 iligusia suala hili, tukangoja. Na mwaka 2015 muswada uliokuwa na kifungu cha Mahakama ya Kadhi uliondolewa bungeni. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Maana yake ni kwamba ndoa yako, talaka yako na mirathi ya watoto wako, zikizusha mgogoro, huanzia kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, hupanda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo halipandi ila Mahakama Kuu yenyewe ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria ndani yake. Kwa walio wengi miongoni mwetu, basi, jaji wa Kanda ya Mbeya au Kanda ya Iringa ndiye mtu wa mwisho hapa duniani atakayesema neno juu ya fungu la yatima. Ndiyo maana inatupasa kujua anatoka wapi.

Anatoka mkononi mwa Rais. Ibara ya 109 ya Katiba inasema kwamba majaji wa Mahakama Kuu watateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Na Tume hiyo ni akina nani? Ibara ya 112 inawataja: Jaji Mkuu akiwa mwenyekiti, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Mahakama ya Rufani, Jaji Kiongozi, na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Tazameni vizuri. Watu hao sita, wote, wamefika walipo kwa uteuzi wa Rais. Juu ya hayo, ibara ya 37 inamwacha Rais huru asifungwe na ushauri wa mtu yeyote ila pale Katiba au sheria inapomlazimisha. Kushauriana kwa maana hiyo ni kusikiliza tu. Na kama mtu hajatimiza miaka ile 10, Rais anaweza, baada ya mashauriano hayo hayo, kumvusha iwapo ameridhika na uwezo wake.

Kwa upande wa pili, akishakuwa jaji, Katiba inamkinga. Hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, na kabla ya hapo haondolewi kwa kuwa tu hukumu yake haikupendeza. Sharti iundwe tume maalum ya majaji ichunguze kama amekosa uwezo au ana mwenendo mbaya. Ibara za 107A na 107B, zilizoingizwa mwaka 2000, zinataka haki itendeke bila kujali hali ya mtu, isicheleweshwe bila sababu, isifungwe mno na masharti ya kiufundi, na mahakama ziwe huru. Maneno mazuri haya. Mlango wa kutokea umefungwa kwa kufuli madhubuti, na mlango wa kuingilia ufunguo wake uko katika mfuko mmoja. Mwaka 2017 tuliona jinsi mfuko huo unavyoweza kuchelewa kufunguliwa: nchi ilikaa na Kaimu Jaji Mkuu kuanzia Januari hadi Septemba, na watu wakawa wanauliza kama mtu anayengoja kuthibitishwa anaweza kuhukumu dhidi ya anayemthibitisha. Sisemi kwamba alipindisha hukumu. Huyo ameshakwisha kuthibitishwa na ameshastaafu. Lakini sheria nzuri haimwachi mtu mwema katika mtihani usio na lazima.

Sasa, dini yetu inasemaje? Iko hadithi ambayo wahadhiri hupenda kuianzia, ile ya Muadh bin Jabal alipotumwa Yemen, kwamba atahukumu kwa Kitabu, kisha kwa Sunna, kisha kwa jitihada ya rai yake. Maana yake wengi wameikubali, ila isnadi yake imesemwa na wataalamu wa hadithi, wakiwemo Bukhari na Tirmidhi, na Sheikh Al-Albani ameidhoofisha. Mimi sipendi kujenga nyumba juu ya nguzo inayotikisika wakati zipo zilizo imara.

Nguzo imara ya kwanza imo katika Sahihi mbili, kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari: watu wawili waliingia kwa Mtume (s.a.w.) wakaomba wapewe madaraka, naye akaeleza kwamba jambo hili hapewi mwenye kuliomba wala mwenye kulipupia. Ya pili ni aya ya 58 ya Suratun Nisaa, ambamo Allah (s.w.) anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na papo hapo akaunganisha na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu. Ibn Taymiyya (rahimahullah) alikijenga kitabu chake cha As-Siyasa ash-Shar'iyya juu ya aya hiyo na inayoifuatia. Anaeleza kwamba uteuzi ni amana kama dhahabu iliyowekwa kwako, na kwamba mwenye kumwacha anayefaa zaidi akamchukua mwingine kwa sababu ya udugu, urafiki, mji mmoja, madhehebu, au kwa chuki aliyonayo kwa yule anayefaa, huyo amefanya khiyana. Anaeleza pia kwamba nguzo za madaraka ni mbili, nguvu na uaminifu, na kwamba nguvu ya anayehukumu ni elimu ya uadilifu pamoja na uwezo wa kuitekeleza hukumu. Kumbukeni ule udugu na ule mji mmoja, kwani tutavirudia.

Wanavyuoni waliotangulia walijua hatari ya kuteuliwa na mtawala. Abu Hanifa alitakiwa na Khalifa Al-Mansur awe kadhi, akakataa, akafungwa, na akafariki mwaka 150 Hijria. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alikubali, na katika zama za Harun Ar-Rashid akawa wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi, akawa na sauti katika uteuzi wa makadhi wengine. Nani alikuwa sahihi? Nilipokuwa mwanafunzi tulijadili swali hili hadi tukanuniana. Siku hizi naona kwamba umma ulihitaji wote wawili: mmoja ili mtawala ajue kwamba wapo wasionunulika, na mwingine ili kiti kisikaliwe na mjinga. Na tunaye Al-Izz bin Abdis-Salam, aliyeteuliwa kadhi Misri katika karne ya 7 Hijria, akahukumu kwamba maamiri wa Kimamluki, waliokuwa na panga mikononi, bado walikuwa watumwa wa hazina ya Waislamu, na lazima wauzwe hadharani ndipo wapate uhuru na amri zao zisihi. Wakauzwa. Aliyemteua alikuwa sultani, na waliouzwa walikuwa watu wa sultani.

Hayo ni ya uteuzi. Upande wa pili wa swali ni huu: akishakaa kitini, ahukumu kwa lipi? Kwa herufi ya sheria, au kwa makusudio yake? Wengine hudhani kwamba mjadala huu ni wa wazungu. Qur'ani imeutaja katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, na mfano wake ni mfano wa Mbarali kabisa: kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mwingine wakalila. Wafasiri wanapokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Nabii Daud (a.s.) aliona thamani ya hasara inalingana na kondoo, akaamua wapewe mwenye shamba. Sulaiman (a.s.) akaona njia nyingine: mwenye kondoo alitunze shamba hadi lirudi lilivyokuwa, na kwa muda huo mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi ya kondoo, kisha kila mmoja achukue chake. Allah (s.w.) akaeleza kwamba alimfahamisha Sulaiman, na hapo hapo akasema kuwa wote wawili aliwapa hukumu na elimu. Daud hakutukanwa. Alisimama juu ya kanuni sahihi ya fidia. Sulaiman alisimama juu ya kanuni ile ile, akatazama kesho ya wale watu wawili ambao wataendelea kuwa majirani. Ndugu yangu wa Usangu, wewe mwenye mpunga na wewe mwenye ng'ombe, mmeshaona hukumu ngapi zilizowafilisi nyote wawili?

Ila tahadhari. Sulaiman hakuzusha kanuni kwa matamanio yake. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha, kama walivyopokea Abu Daud na wengine, kwamba mahakimu ni watatu, wawili motoni na mmoja peponi: aliyeijua haki akahukumu kwayo ameokoka, aliyeijua akaipinda, na aliyehukumu kwa ujinga, hao wamehiliki. Tazameni kwamba mjinga hakusamehewa kwa nia yake.

Tuchukue sasa majaji wa nchi yetu. Alikuwapo Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1990, akiwa Mwanza, aliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, bibi wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza. Mila ilisema mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na bibi akaachiwa haki yake ya kuuza. Sisi Waislamu tulipendezwa, au ilitupasa kupendezwa, kwani mwanamke kumiliki mali yake na kuitumia ni hukumu aliyoileta Mtume (s.a.w.) zaidi ya miaka 1400 iliyopita, ambayo wengi wetu katika nyanda hizi tunaifukia chini ya mila za ukoo.

Jaji huyo huyo, mwaka 1994, akiwa Dodoma, katika shauri la Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikamtengua mwaka 1995. Hapa wengi wetu hatukupendezwa naye, nami ni miongoni mwao, kwa kuwa kisasi kimethibiti katika Kitabu, pamoja na mlango mpana wa msamaha na diya ambao watu huusahau. Lakini ni mtu yule yule, na fikra yake ni ile ile: kwamba Katiba ina roho, na jaji anapaswa kuisoma roho hiyo. Huwezi kumpongeza Mwanza ukamtukana Dodoma, kisha ukadai kwamba unao msimamo juu ya namna jaji anavyopaswa kuhukumu. Una msimamo juu ya nani ashinde tu.

Chukueni jingine lililowahusu Waislamu wenyewe, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, la mwaka 1983. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama, inapogawa mali iliyochumwa katika ndoa, itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi kwa maana hiyo? Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walitazama ubaya ambao sheria ile ilikusudia kuuondoa, wakasema ndiyo. Masheikh wengi walikasirika: mali ya mume ni ya mume, na mke ana mahari na nafaka yake. Asili ya fiqhi ni hiyo, sikatai. Lakini wanavyuoni wa Kimaliki wa Maghribi waliijua haki wanayoiita al-kadd was-si'aya, na fatwa ya Ibn Ardun juu ya wanawake wa milima ya Ghumara ni mashuhuri: mwanamke aliyelima na kuvuna pamoja na mumewe ana fungu katika walichokivuna. Nanyi mnajua ni nani anayelima mahindi ya Isimani na viazi vya Uporoto. Kwa hiyo kabla ya kusema jaji amekwenda kinyume na Uislamu, mtu asome Uislamu wenyewe kwa upana wake.

Nije Iringa, maana huko nilipoitoa mada hii niliombwa nisiikwepe habari ya Mwamwindi. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, aliyekuwa akiisukuma kampeni ya vijiji vya ujamaa. Kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu na kuupeleka mwenyewe polisi Iringa. Shauri lake lilisikilizwa mwaka 1972 na Jaji Onyiuke, Mnigeria aliyekuwa akitumikia Mahakama Kuu yetu katika zama ambazo bado tulikuwa na majaji wa kigeni. Utetezi wa kwamba alichokozwa haukukubaliwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Hadi leo wapo wanaosema kwamba jaji mwenyeji angeielewa ardhi ile na ghadhabu ile. Wengine husema kwamba jaji mwenyeji asingeweza kulala usingizi, serikali ikimtazama huku na ukoo ukimtazama kule, na kwamba mgeni alikuwa afadhali. Mimi nasema kwamba damu ya Kleruu ilikuwa damu ya mtu, na shamba la Mwamwindi lilikuwa jasho la mtu, na mahakama iliombwa kujibu swali la kwanza tu, kwa sababu la pili halikuwa na mlango wa kuingilia mahakamani kwa wakati ule.

Miaka 40 baadaye mambo yaligeuka upande. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa mikononi mwa polisi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliyoketi Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Wapo waliosema ni kidogo, na kwamba wengine waliokuwapo hawakufikishwa mbele ya jaji. Ni maneno yenye uzito. Lakini jaji hahukumu asiyeletewa, na katika mkoa ule ule ambao mwananchi alinyongwa kwa kumuua mtu wa serikali, mtu wa serikali alifungwa kwa kumuua mwananchi. Jambo hilo haliwezekani ikiwa anayehukumu anamwogopa aliyemteua.

Wenzetu wa Kenya walijaribu kuunyoosha uteuzi. Kwa Katiba yao ya mwaka 2010, Tume yao huwasaili waombaji hadharani, na Rais huteua kwa mujibu wa mapendekezo ya Tume. Ni nzuri, ila karatasi haijilindi. Mwaka 2019 Tume ilipeleka majina 41. Rais Uhuru Kenyatta akayakalia. Mahakama ikamwambia hana hiari, akaendelea kuyakalia. Mmoja wa waliopendekezwa akafariki akingoja. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita. Miongoni mwa sita hao walikuwamo majaji George Odunga na Joel Ngugi, waliokuwa katika jopo ambalo mwezi mmoja nyuma lilikuwa limeuzuia mpango wake wa kubadili Katiba. Rais William Ruto aliwateua sita hao Septemba 2022, mara tu alipoingia madarakani. Wakenya walifurahi. Mimi nilijiuliza: na siku atakapokuja rais mwingine asiyewataka? Hata hivyo, tofauti ni kwamba Wakenya walijua nani ameachwa na lini. Sisi, jina lisipotokea gazetini, hatujui hata kama lilikuwapo. Kwa hiyo, yatakapofunguliwa tena maoni ya Katiba, msiende kudai mafungu ya dini. Dai liwe kwamba majina yatangazwe kabla ya kuteuliwa, ili jirani wa mtu huyo aseme anachokijua juu ya uaminifu wake, na kwamba Tume isiwe ya wateule wa mtu mmoja.

Nirudi kwa mzee wangu na kalamu yake. Mzee, wafasiri wanaeleza sababu ya kushuka aya ya 105 ya Suratun Nisaa na zinazoifuata. Riwaya zinatofautiana, na iliyo mashuhuri kwao ni kwamba mtu wa Madina kutoka ukoo wa Ubayriq, aliyejidhihirisha kuwa Muislamu, aliiba deraya, na tuhuma ikaelekezwa kwa Yahudi. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (s.a.w.) wakimtetea ndugu yao. Kwa lugha yetu ya leo, walikuwa wakisema: huyu ni wetu. Wahyi ukashuka ukimsafisha Yahudi na kumkataza Mtume kuwatetea makhaini. Myahudi yule hakuwa na kura, hakuwa na jamaa katika baraza, na Qur'ani ikamtetea hadi Kiyama. Basi ukinionesha tena orodha, niulize: kati ya hawa, ni nani angemwachia haki yake yule Myahudi? Huyo mpigie mstari, hata kama jina lake ni Yohana.

Limebaki jambo moja, na ni la kufanya nyumbani. Sheria inayoongoza matumizi ya sheria mbalimbali mahakamani, Sura ya 358, inaielekeza mahakama, katika mirathi ya Mwafrika Muislamu, kutazama kama marehemu kwa kauli zake, kwa maandishi yake, kwa matendo yake au kwa namna alivyoishi alikusudia mali yake isimamiwe kwa sheria ya Kiislamu. Isiporidhika, mila ya kabila huchukua nafasi. Mmeelewa? Jaji atakuja kuuliza juu yako: alisali? Alimwoza binti yake kwa nikahi? Au alikuwa Muislamu wa Idi, na matanga yake yakasimamiwa na ukoo? Sisi wa nyanda hizi ni wachache, ndoa zetu zimechanganyika, wengi wetu baba zao si Waislamu, na ukoo una sauti kubwa. Niliwahi kuketi na mjane mmoja ambaye mumewe alikuwa safu ya kwanza miaka mingi, lakini hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Baba wadogo walileta mashahidi wa mila, sisi tukaleta mashahidi wa msikitini, na shauri likachukua misimu mitatu ya mavuno huku shamba likilimwa na wasiokuwa na haki nalo.

Kwa hiyo kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya Alasiri, tutakaa hapa hapa msikitini na mwanasheria Muislamu aliyejitolea. Kila mtu aje na kitambulisho chake, orodha ya mali na madeni yake, na mashahidi wawili. Tutaandika tamko moja la kwamba mirathi yake igawiwe kwa sheria ya Kiislamu, na wosia kwa anayetaka, usiozidi theluthi wala kumpa mrithi. Kina mama pia waje. Mali zao ni zao. Mzee wangu ameahidi kuwa wa kwanza, na kalamu yake atakuja nayo.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.